Nesi aliniambia ninyamaze, sasa daktari anataka kunipasua

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mtu wa Unguja, mume wangu anasoma Al-Azhar na tunaishi Cairo, upande wa Nasr City, Hay el-Ashir, kwenye jengo ambalo ghorofa ya kwanza kuna Wasudani, ya pili Waindonesia, ya tatu sisi. Tuna mtoto mmoja wa kiume. Sasa nina mimba ya wiki 25, na badala ya kufurahi nimekuwa mtu wa kushtuka usiku.

Mtoto wa kwanza nilimzaa huku huku, hospitali ya serikali, maana pesa ya mwanafunzi unaijua. Mume wangu alizuiwa mlangoni, akaambiwa ndani kuna wake za watu. Hilo nililielewa. Lakini jirani yangu wa Kingazija aliyenisindikiza naye akazuiwa, nikaingia peke yangu na Kiarabu changu cha madrasa, ambacho mle ndani hakikunifaa kitu kwa sababu wao wanazungumza cha kwao na wanazungumza mbio.

Nilinyolewa. Nikaingizwa maji ya sabuni kwa nyuma. Nikatundikiwa dripu ya kuongeza uchungu, nikalazwa chali, na kila nilipogeukia ubavu nikarudishwa. Tulikuwa wanne chumba kimoja, bila pazia. Wanafunzi wa udaktari walikuja kunipima njia, akitoka huyu anaingia yule, hakuna aliyenitajia jina wala kuniuliza. Niliomba maji ya kunywa nikanyimwa. Nilipopiga kelele nesi alinichapa kofi la paja akaniambia, "We samra, ulipokuwa na mumeo ulilia hivi?" Samra kwao ni mwanamke mweusi. Wenzake wakacheka. Mwishoni daktari mmoja alipanda kwenye kigoda akanikandamiza tumbo kwa mkono wake wote, mwingine akanikata bila neno. Nilisikia mkasi, Shangazi. Na wakati wa kushonwa ganzi haikuwa imeshika. Nikasema, hakuna aliyejibu.

Mume wangu ni mtu mwema. Nilipomsimulia alikaa kimya, halafu akasema, "Mtoto mzima na wewe mzima, tumshukuru Mungu." Nimeshukuru. Lakini basi likipita karibu na ile hospitali mikono inanitetemeka, na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu inanichefua.

Safari hii nimeanza kliniki ya binafsi. Daktari ni mpole, anaongea taratibu. Ila mara ya pili tu kuniona alipiga picha akasema mtoto ni mkubwa, na kwa vile uzazi wa kwanza ulikuwa mgumu, bora tuandike tarehe ya upasuaji, wiki ya 38. "Hutasikia kitu," akaniambia. Wa kwanza alizaliwa na kilo 3.2. Mume wangu yuko tayari kukopa. Mamkwe anataka nirudi nyumbani nikazae mikononi mwake. Na mimi, nikwambie kweli, ziko siku nautamani huo upasuaji ili tu nisikirudie kile chumba.

Naomba uniambie. Yale niliyofanyiwa ndivyo inavyotakiwa? Ni kwa sababu mimi ni Mwafrika kati ya Waarabu? Na nikubali kupasuliwa?

Mke wa Mwanafunzi, Cairo

Marahaba, mwanangu.

Nianze na la mwisho kwa sababu ndilo lenye tarehe: usiikubali hiyo siku ya upasuaji, bado. Mtoto wa wiki 25 hajafika hata kilo moja. Hakuna mashine wala daktari, wa Cairo au wa London, anayeweza kumtazama leo akajua atazaliwa na kilo ngapi. Hata wiki za mwisho kile kipimo cha picha hukosea kwa asilimia 10 na zaidi, kupanda au kushuka. Madaktari wa uzazi wa Marekani, ambao si watu wa kuogopa kisu, mwongozo wao huanza kulitaja suala la kupasua kwa ajili ya ukubwa wa mtoto pale anapokisiwa kufika kilo 5, au 4.5 kama mama ana kisukari. Wako wa kwanza alikuwa na 3.2 na alitoka kwa njia yake. Cha maana kufanya sasa ni kupimwa sukari ya mimba, ambayo hupimwa kati ya wiki ya 24 na ya 28. Kama bwana daktari hajaipima na tayari ameshafungua kitabu cha tarehe, muulize kwa nini.

Nitarudi kwenye kisu. Kwanza kile chumba.

Umeuliza kama ndivyo inavyotakiwa. Sivyo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kuhudumia uzazi wa kawaida mwaka 2018, na ukiusoma utadhani walioandika walikuwa na barua yako mezani. Kumnyoa mzazi, wamesema tusifanye. Maji ya sabuni, tusifanye. Kukandamiza tumbo ili mtoto ashuke, tusifanye. Kuongeza njia kwa kila anayezaa, tusifanye, na yule ambaye kweli anahitaji aelezwe, akubali, apigwe ganzi na ganzi ishike. Uchungu ukishakolea njia hupimwa kila baada ya saa nne, na mwongozo unaonya hasa juu ya watu wengi kumpima mama mmoja. Mzazi asiye na tatizo anaruhusiwa kunywa na kula. Anakaa mkao anaoutaka, ubavu, kuchuchumaa, kupiga magoti. Na anakuwa na mtu wake aliyemchagua mwenyewe. Kofi la paja halimo katika mwongozo wowote duniani, hilo ni kupigwa tu. Mwaka 2014 Shirika hilohilo lilikwisha kutoa tamko kwamba kumdharau na kumnyanyasa mwanamke anapojifungua ni kumvunjia haki zake.

Sasa la Uafrika wako. Mwaka 2005 Karima Khalil na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa ndani ya hospitali kubwa ya kufundishia, huko huko Cairo. Walikaa leba usiku na mchana wakitazama wazazi na kuandika kila kilichofanywa. Wakakuta mambo yenye faida yanafanywa mara chache, na yasiyo na faida, hata yenye madhara, yanafanywa mara nyingi. Wazazi hao walikuwa Wamisri, weupe kwa weusi, wenye Kiarabu chao kisichohitaji madrasa. Jordan nako, utafiti uliochapishwa 2018 ulikuta zaidi ya theluthi ya wanawake walioulizwa walitolewa maneno makali wakati wa kujifungua, na karibu theluthi waliachwa bila kuangaliwa. Watafiti wa Beirut, Damascus na Birzeit ya Palestina wameandika kwa miaka mingi habari zilezile za mzazi kulazwa chali, kutengwa na watu wake na kutoelezwa kitu.

Wala usidhani ni maradhi ya Waarabu. Lile neno la "ulipokuwa na mumeo ulilia?" mimi nimelisikia kwa Kiswahili fasaha, wodini kwetu, enzi hizo nikiwa mkunga, na limesemwa na watu ninaowajua kwa majina ya mama zao. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma, Kenya, iliamuru mwanamke aliyejifungulia sakafuni hospitalini, akazabwa na kutukanwa, alipwe shilingi milioni 2.5. Mwaka uliofuata ulitoka utafiti wa Ghana, Guinea, Nigeria na Myanmar: zaidi ya wanawake wanne kati ya kumi walipigwa, au walitukanwa, au walibaguliwa. Utafiti huo una jambo moja nataka ulishike. Waliangalia pia ni saa ngapi haya hutokea, wakakuta yanapanda kuanzia kama nusu saa kabla mtoto hajatoka hadi robo saa baada ya kutoka. Yaani mateso hayaendi sawa usiku kucha. Kuna dirisha dogo la hatari, na ndilo ambalo mtu wako anatakiwa awe amesimama kichwani kwako.

Lakini "samra" silifuti. Hilo lilikuwa lako peke yako mle ndani, na lilisemwa ili ujue kwamba huna mtu. Yule nesi pengine hajui historia ya kazi yake. Skuli ya kwanza ya wakunga ya Misri ilifunguliwa 1832, wakati wa Muhammad Ali, mtawala wa Misri, chini ya daktari Mfaransa aliyejulikana kama Clot Bey. Familia za Wamisri zilikataa kuwatoa mabinti zao wakasome, basi wanafunzi wa mwanzo wakawa mabinti wa Kihabeshi na Kisudani walionunuliwa kwenye soko la watumwa la Cairo. Wanawake weusi ndio waliotangulia kufundishwa kuzalisha kwa utaratibu wa hospitali katika nchi ile. Hutapata nafasi ya kumweleza haya ukiwa na uchungu, najua. Nimependa tu uingie nayo kichwani.

Kwa nini basi inakuwa hivyo? Ukitaka jibu langu, kwa sababu mzazi yuko peke yake na hakuna anayetazama. Leba za Misri hazina yule mkunga tuliyemzoea sisi, wa kukaa na mama mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Daya, yaani wakunga wa jadi wa mitaani, walisukumwa pembeni, na hospitalini kazi iko kwa daktari kijana aliye mafunzoni, hajalala, ana vitanda vimejaa, na njia aliyofundishwa ya kumaliza haraka ni dripu, mkasi na kiwiko. Nesi naye anasemwa na daktari, basi anamsema aliye chini yake, na chini yake upo wewe umelala chali. Hayo yanaeleza. Hayahalalishi kofi.

Ndiyo maana kazi yako ya kwanza, kabla ya kukopa senti, ni kutafuta mwanamke wa kuingia naye. Mume kuzuiwa kwenye chumba cha wazazi wanne bila pazia kuna maana. Mwanamke kuzuiwa hakuna. Hospitali za serikali za kufundishia za Misri, Lebanon na Syria zimewahi kulijaribu hili, zikamwacha mzazi aingie na ndugu wa kike, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba kwa Waarabu haiwezekani. Mapitio makubwa yaliyochapishwa 2017, yaliyokusanya majaribio 26 na wanawake zaidi ya 15,000, yalionyesha kwamba mama anayekaa na mtu wa kumtia moyo mwanzo hadi mwisho huwa na uchungu mfupi zaidi, hupasuliwa mara chache, na mtoto hutoka na hali nzuri zaidi. Hakuna dripu inayofanya hivyo. Yule jirani wa Kingazija ni hazina. Kama Kiarabu chake cha Cairo ni kizuri, umeshapata. Aende nawe kliniki mara mbili tatu kabla, sura yake izoeleke, na ruhusa ya kuingia naye iombwe sasa, mchana, kwa msimamizi wa wodi, wala si saa nane za usiku mbele ya bawabu.

Sasa kisu. Misri ni moja ya nchi zinazopasua wazazi kuliko zote duniani. Uchunguzi wa taifa wa 2014 ulikuta asilimia 52 ya watoto wamezaliwa kwa upasuaji. Ule wa 2021 ukakuta asilimia 72. Hebu fikiri, Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2015 kwamba kwa nchi nzima, ukishapita asilimia 10 hakuna tena vifo vya mama na watoto wachanga unavyopunguza. Wanawake wa Misri hawakubadilika nyonga ndani ya miaka saba. Kilichobadilika ni hesabu: uzazi wa kawaida unamweka daktari macho usiku kucha, upasuaji ni saa moja, una tarehe, na bei yake ni nzuri. Wizara yao ya Afya yenyewe imeona, ikaanza kuzibana hospitali za binafsi zitoe takwimu za upasuaji wao. Na wapo wanawake wengi wanaokimbilia kisu kwa sababu ileile yako, kuikimbia leba ya serikali. Wanakimbia kofi, wanalipia kovu.

Simwiti daktari wako mwongo. Upole wake huenda ni wa kweli. Lakini sababu alizokupa hazisimami. Mwanamke aliyekwisha kuzaa kwa njia ya kawaida ndiye mwenye nafasi kubwa kuliko wote ya kuzaa hivyo tena, na mara ya pili uchungu kwa kawaida ni mfupi. Kovu la mfuko wa uzazi lina gharama zake kwa mimba zinazofuata: kondo linaweza kujishika kwenye kovu na kuleta damu nyingi, na kila upasuaji unaoongezeka unaongeza hatari hiyo. Nyinyi bado vijana, mna mmoja tu. Sababu za kweli za kupasuliwa zipo na zikitokea ukubali mara moja bila kusubiri simu ya Unguja: kondo likiziba mlango, mtoto akilala mlalo, moyo wake ukianza kuchoka. Na kama baada ya kuelezwa yote bado roho yako inakataa kabisa leba, hiyo nayo ni haki yako, sitakulaumu, ila isiwe wiki ya 38. Bila sababu ya kitabibu husubiriwa 39, kwa ajili ya mapafu ya mtoto.

Ukirudi kliniki, nenda na mumeo na umuulize daktari haya mbele yake. Wateja wako waliokwisha kuzaa kawaida, ni wangapi unawapasua? Nikishikwa usiku utakuja wewe au nani? Mwenzangu ataingia? Unawaongeza njia wote? Daktari mzuri atajibu bila kukasirika. Akikasirika, tafuta mwingine, bado muda unao. Waulize Wasudani wa jengo lenu. Wamezaa Cairo wengi na wanajua nani ana mkono na nani ana haraka.

Mumeo akuandikie karatasi ya Kiarabu, nusu ukurasa, isizidi: jina lako, kundi la damu, uzazi wako wa kwanza, kwamba usikatwe bila kuambiwa, kwamba wanafunzi waombe ruhusa, kwamba unataka kulala ubavu. Nakala moja kwenye faili, moja kwa jirani. Usiwahi mno kwenda hospitali, maana anayefika njia ikiwa sentimita mbili ndiye anayetundikiwa dripu. Uchungu wenyewe hasa huhesabiwa kuanzia sentimita tano. Ila foleni za Cairo unazijua, na mtoto wa pili hana adabu ya kusubiri, kwa hiyo ukiona uchungu umeshika mpangilio, ondoka. Chupa ikipasuka, ukiona damu, au mtoto akiacha kucheza, hapo hakuna kungoja.

Kurudi Unguja ni shauri la mamkwe na nalisikia, maana arubaini ya nyumbani, na uji wa pilipili manga, na mtu wa kukukanda, ni vitu ambavyo Cairo haitakupa. Kama unavitaka hivyo, nenda. Usiende kwa kuamini kwamba kwetu hakuna wakali. Mashirika mengi ya ndege yanadai barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, na baada ya wiki ya 36 hayakupakii, kwa hiyo uamuzi huu hauwezi kulala hadi mwezi ujao.

Mume wako umwambie hivi, kwamba Shangazi hajakukataza kushukuru. Lakini anayesoma Al-Azhar amesoma kisa cha Bibi Maryam kunishinda mimi: uchungu ulipomfikisha kwenye shina la mtende alitamani angekuwa ameshakufa kabla ya siku ile, na hakukemewa. Aliambiwa asihuzunike, akawekewa maji chini yake na tende za kula. Basi akusikilize mara moja tu, yote, bila kukukatiza kwa alhamdulillah. Na hiyo mikono inayotetemeka na harufu inayokuchefua, mtajie daktari kwa jina lake, kwamba uzazi wa kwanza ulikuachia hofu. Inatibika, na ikiachwa inaweza kukushika vibaya zaidi baada ya kujifungua.

Jambo la karatasi, nisije nikasahau. Misri mtoto anatakiwa aandikishwe ndani ya siku 15. Cheti chenu cha ndoa, kama bado ni kile cha Kiswahili kutoka nyumbani, kipelekwe ubalozini mwezi huu kikatafsiriwe na kugongwa muhuri, na mumeo ndiye wa kwenda, wewe kaa upumzike.

Shangazi